Picha ya Fundi wa Tanuri

Mtunza kumbukumbu wa kiwanda chetu cha vioo alizoea kunawa mikono kabla ya kugusa faili, na karatasi kuukuu alizifunua polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Hata akigomba, sauti yake haikupanda. Siku moja mjane wa fundi wa tanuri alikuja kuomba picha iliyobandikwa kwenye faili la marehemu, maana nyumbani hakubakiwa na picha yake hata moja. "Faili halibanduliwi kitu, mama," alimjibu kwa upole. "Mwache hapa, atatunzwa vizuri." Mama wa watu aliitazama ile picha kwa muda, akaenda zake.

Kiwanda kilipouzwa, wenye mali wapya walizoa makabati yote ya faili wakayatia moto. Jioni hiyo nilimsindikiza mzee wetu wa kumbukumbu kwa yule mjane. Alifika mlangoni akashindwa hata kupiga hodi, nikapiga mimi. "Wamechoma kila kitu, mama," alisema. "Ningekupa tu siku ile." Mama alijisogeza kando. "Ingia ndani, shemeji. Kumbe nawe umefiwa."