Kabula Mmemhesabu Upande Gani?

Mwanangu, jana nilikusikia pale dukani ukibishana na wenzako, Tanzania na Kenya nani anaongoza kwa ajali. Mlicheka sana. Mimi sikucheka, maana mchezo huo niliucheza kabla hujazaliwa, na siku ulipoishia haijanitoka kichwani.

Miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, nilikuwa dereva wa lori la mashudu ya pamba, chakula cha mifugo, kutoka Bariadi hadi mpakani Sirari. Pale mzigo ulipokelewa na dereva Mkenya, Ochieng, mtu mcheshi kweli. Basi likipinduka kwao, namcheka. Lori likiua kwetu, ananicheka. Tulihesabu maiti kama magoli. Nikirudi nyumbani namsimulia baba, naona fahari.

Safari moja Ochieng aliona abiria wakishuka kutoka juu ya magunia yangu. Hakucheka.

"Bwana, hawa wataanguka."

Nikamjibu kwamba kwao watu hufa wakiwa wameketi kwenye viti. Waliokuwepo wakaangua kicheko, nikajiona nimeshinda.

Wiki iliyofuata dada yangu Kabula aliomba lifti aende Lamadi kwa mumewe. Mbele alikaa tajiri wangu, mwenye lori, kwa hiyo Kabula akapanda juu ya mzigo. Tulipokaribia Mkula nikamkwepa ng'ombe. Ng'ombe alipona. Kabula nilimkuta chini, barabarani. Nikamwita, nikamwita tena, hakuitika.

Ochieng alipopata habari alivuka mpaka akaja msibani. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Hakusema, alishika jembe akachimba kaburi na vijana wa kwetu, machozi yakimtoka.

Tulipotoka kuzika, baba alituita sisi wawili. Hakupandisha sauti.

"Ng'wanone, mwanangu, huyu Kabula mmemhesabu upande gani?"

Ochieng aliinamisha kichwa. Tangu siku ile hatukuhesabu tena.

Basi mwanangu, ukisikia ajali ya huku au ya ng'ambo, usiulize nani anaongoza. Uliza wenzetu wana tahadhari gani ambayo sisi hatuna, kisha uianze wewe. Mgeni akikuonya, usimjibu kwa mzaha. Na hiyo pikipiki yako acha kupakia watu watatu, nimekuona, usibishe.

Mungu akulinde barabarani, na kila utakayembeba afike kwao, aitwe, aitike.