Darasa Lililobadilishana Majina

Ninapoishi sasa, mtaa wa Dallas hapa Embu, kuna shule ng'ambo ya ua. Kila asubuhi nikichuja chai namsikia mwalimu akiita majina, na watoto wakiitika, "Nipo, mwalimu! Nipo, mwalimu!" Basi mimi husimama na chujio mkononi, majani yakidondoka mezani, nikasikiliza hadi jina la mwisho. Mume wangu husema nina wazimu. Hajui ninachosikiliza. Ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Mama alipopata kazi yake ya kwanza ya ualimu. Aliisomea ukubwani, mimi tayari nikijua kusoma, na watu wetu wa Embu walimcheka wee mpaka wakachoka. Nyanya, mamake Baba, alisema ati sauti yake ni ya kifaranga na atarudi kabla mahindi hayajabeba. Shule yenyewe ilikuwa upande wa Kangeta, kwenye mashamba ya miraa, na akapewa darasa la sita, ambalo lilikuwa limefukuza walimu watatu kwa mwaka mmoja. Mwalimu mkuu alimtazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, akasema kwa huruma, "Wakikushinda, mwalimu, niambie mapema niandike barua ya uhamisho."

"Asante," Mama akamjibu. "Naomba rejista."

Na mimi nikatiwa mumo humo darasa la sita. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mamangu nyumbani, kisha nikamkuta tena ubaoni! "Tukishaingia lile lango," alinionya, "mimi si mama yako. Ni mwalimu."

Darasa lilinuka vumbi lililonyunyiziwa maji, jasho, na majani mabichi ya miraa, kwa sababu wavulana wakubwa walipanda miti kuichuma alfajiri kabla ya kuja shule. Walikaa nyuma na vidole vyao vyenye madoa, wakimtazama Mama kama mgeni aliyekawia kuaga. Akaita majina kwa ile sauti yake ya kifaranga. Wakaitika mmoja mmoja, kwa adabu ya ajabu. Nikajaa fahari. Maskini mimi!

Wakati wa mapumziko Kananu, msichana pekee aliyesogea kunipa nafasi kwenye dawati, alinieleza huku akijishika tumbo kwa kicheko. Majina yote yalikuwa ya uongo. Walikuwa wamebadilishana. Yule mrefu aliyeitika Mwiti alikuwa Kirimi, kiongozi wa fujo. Mwiti wa kweli, mpole kama nini, ndiye aliyeitika Kirimi. Mwalimu wa zamu akimshtaki Kirimi, Mwiti ndiye angechapwa, darasa lipasuke kwa kicheko, mwalimu apandwe na hasira achape kila mtu, wazazi waje wakifoka, naye afungashe virago. Ndivyo walivyoondoka wale watatu.

"Ukimwambia mama yako," Kananu akasema, "hutapata wa kuongea naye hapa mpaka umalize shule."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikanyamaza. Jioni Mama alikuwa akimenya viazi, akaniuliza kama nimepata rafiki. Nikasema ndiyo. Anaitwa nani? Nikataja jina ambalo Kananu aliitikia darasani. "Gacheri," nikasema, na uso ukaniwaka moto.

"Jina zuri," Mama akasema, akaendelea kumenya.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilijua mtego uko wapi na nilikuwa nikimtazama mamangu akiuendea. Jumanne mwalimu wa zamu akaleta mashtaka: Kirimi amerusha mawe juu ya paa la ofisi. Mwiti akasimama. Mama alimtazama, akasema, "Keti. Kirimi nitaongea naye nikishamjua vizuri." Fimbo waliyoiacha wale walimu watatu alikuwa ameshaifunga ukutani, akaning'iniza ramani.

Alhamisi akarudisha hesabu. "Mwiti amepata zote, ishirini kwa ishirini," akasema, na Kirimi akatabasamu kule nyuma. "Kesho mzazi wa Mwiti aje. Nataka darasa limpigie makofi."

Tabasamu likaisha. Kirimi alilelewa na nyanya yake, na mama mzee yule alikuwa ameitwa shuleni mara nyingi, kila mara kwa aibu. Mara ya mwisho alilia mbele ya wazazi wote. Sasa makofi yake yalikuwa yanakwenda kwa mtu mwingine. Kirimi akasimama polepole, urefu wote ule.

"Mwalimu, Kirimi ni mimi. Hizo hesabu ni zangu."

"Kwa hivyo anayekuja kesho ni nani?"

"Ni nyanya yangu."

Kisha Mwiti naye akasimama. "Na Mwiti ni mimi, mwalimu. Nimepata ngapi?"

"Sita."

"Si mbaya," akasema, na darasa likacheka, hata yeye mwenyewe. Wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, kila mtu akidai jina lake. Mama akawangoja wote. Kisha akavuta droo akatoa rejista nyingine, akaifungua akatuonyesha. Majina yote ya kweli yalikuwa mle, dawati kwa dawati, yamewekwa alama tangu Jumatatu. Kananu aliniangalia kwa macho makali. Nikatikisa kichwa: si mimi, haki ya Mungu si mimi!

Ijumaa nyanya yake Kirimi alikuja na kiondo cha ndizi, akapigiwa makofi mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Mama alifundisha pale miaka kumi na mmoja, na habari za kifaranga hatukuzisikia tena.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomuuliza alijuaje. Alikuwa akiambua maharagwe. "Mtu akisikia jina lake shingo hugeuka," akasema. "Mmoja aliitika, mwingine akageuka."

"Na mbona hukuniuliza mimi? Nilikuwa nyumbani kwako!"

"Ulikuwa umeniambia umepata rafiki. Ningekuuliza, ungempoteza."

"Lakini nilikudanganya, Mama. Gacheri!"

"Jina tu," akasema. "Rafiki alikuwa wa kweli."

Wazieni. Kazi yake ya kwanza, barua ya uhamisho inamngoja ofisini, watu wa Embu wanangoja kumcheka, na jibu lote lilikuwa kwenye kitanda cha pili. Angeniuliza mara moja tu, ningesema yote nikilia. Hakuniuliza. Siku ile rejista ya pili ilipofunguliwa nilitaka kupanda juu ya dawati nipige kelele kwamba yule ni mama yangu, lakini tulikuwa ndani ya lango na nilikuwa nimeonywa. Lango lile tulishatoka zamani. Yule ni mama yangu.