Asiyerudi Dukani

Devendra alikuwa na duka la dawa mtaani kwetu Kariakoo, mlango wa pili kutoka meza yangu ya vitenge. Kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Serikali iliporuhusu biashara huria, bidhaa za kila namna zikamiminika, naye akaleta vidonge vipya vya malaria kwa bei ya chini kabisa. Nikamwambia vitu vya chee vina mambo. Akacheka! Sikio la kufa halisikii dawa.

Baadhi ya wateja wakarudi na homa zao. Charmi, binti yake aliyekuwa chuoni, akaleta programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiosomea takwimu. Inauliza, unajibu, kisha yenyewe inachagua hesabu inayofaa na kukueleza kama dawa mpya ni dhaifu kweli au ni bahati mbaya tu.

Asubuhi ile wateja walijaa. Charmi alisoma maswali, baba yake akajibu mbiombio.

"Wangapi walipona?"

"Wote ambao hawakurudi."

Programu ikagoma kuendelea. Ilitaka kujua kama hao waliopona kuna mtu aliyewaona.

"Asiyerudi amepona," Devendra akafoka. "Hilo nalo la kuuliza? Andika ndiyo, watu wananisubiri."

Charmi akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Siandiki uongo, Baba."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mbele ya kaunta mwanamume mmoja alikuwa anataka vidonge hivyo hivyo kwa mtoto wake. Devendra alikuwa navyo mkononi, hampi wala havirudishi.

"Na Paskalina je?" nikauliza. Paskalina alikuwa akituuzia vitumbua kila siku. Wiki iliyopita alinunua vidonge vile kwa ajili ya bintiye, Blandina, na tangu hapo hatukumtia machoni. "Umemwona?"

Devendra akavirudisha vidonge kabatini. "Mpeleke mtoto hospitali, ndugu yangu," akamwambia yule mteja. "Sasa hivi." Kisha akafunga duka, watu wakinung'unika.

Nilimpeleka Devendra kwa Paskalina, Buguruni, mimi mwenyewe. Nilikuwa na hasira naye, na bado nilikuwa namwombea.

Nje ya nyumba aliyopanga Paskalina wanawake walikuwa wameketi mikekani, khanga vichwani. Devendra akasimama ghafla. Nikamwambia twende tu, tumeshafika.

Paskalina akanyanyuka, macho yamevimba, akamshika mikono yote miwili.

"Ahsante, mzee wangu. Wateja wote ulio nao, umekuja kunizikia mwanangu. Nani kakwambia?"

Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza.

"Hakuna aliyeniambia," Devendra akasema. "Nilikuja kuuliza kama vile vidonge vimemponya."

Paskalina akamtazama. Kisha akamwachia mikono.