Mkia Ulioelekea Gitaza

Nilipokuwa mtoto kule Minago, kando ya ziwa, tuliamini kwamba kiwavi akishajifungia ndani ya ganda lake anaona mbali. Unamshika taratibu kwa vidole viwili, unamwuliza mtu fulani yuko wapi, naye anapinda mkia kuelekea huko. Mbuzi waliopotea tuliwatafuta hivyo, na mara nyingine tuliwapata kweli.

Baba alikwenda kuvua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, upepo ukachafuka, wenzake wakarudi bila yeye. Siku ya pili Bibi, mama yake Baba, aliniletea ganda alilolichuma kwenye mlimau. Alisema mkono wa mtoto haudanganyi.

"Uliza, mujukuu wangu. Baba yako iko wapi?"

Niliuliza. Mkia ulipinda kuelekea ziwani, upande wa Gitaza. Bibi alikuwa amefumba macho akisali. Nikageuza mkono kidogo tu, mpaka mkia ukaelekea milimani.

"Iko kule juu, Bugarama," nikasema.

"Basi iko muzima. Hapa hakuna matanga."

Baba Mdogo alitaka kufuata ufuo akiwauliza wavuvi. Bibi akamkatalia, akampandisha milimani na baiskeli yake. Alizunguka huko siku nne. Siku hizo hizo ziwa lilimtoa Baba ufukoni, huko Gitaza. Watu wa huko walingoja ndugu zake, hawakuona mtu, wakamzika. Habari ilipotufikia tukaenda, na mama mmoja aliyekuwa akianika ndagala alitukabidhi shati la Baba, akatuonyesha makaburi matatu mapya yasiyo na majina. Hakukumbuka la Baba ni lipi. Sikulia. Nilisikia njaa, basi.

Nyumbani tulikuta ganda limepasuka, kipepeo ameshakwenda zake. Bibi aliliokota.

"Kadudu kalinidanganya," akasema, akalitupa nje.

Leo mimi ni mwalimu. Naandika ubaoni: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Nawaeleza watoto kwamba ndani ya ganda kiwavi anayeyuka karibu mwili mzima, anaumbwa upya, na kwamba mkia hutikisika kwa sababu ameguswa, hauoni kitu. Wanaandika. Nami nafuta ubao.

Bibi alifariki akimlaumu mdudu. Wiki yake ya mwisho nilikuwa nikimnywesha uji, tuko wawili tu chumbani, na sikumwambia. Wanasema ukweli ukishausema unapumua. Labda. Mimi nimezoea kutosikia chochote nikipita Gitaza. Ningemwambia nini? Kwamba nilitaka baba yangu awe nchi kavu.