Wifi Yangu Hettie na Ndege wa Miibani

Wiki nzima wifi yangu Hettie Smy alikuwa ananyonyoa batamzinga kwenye banda la shamba la Borrett, mikono mitupu, mlango wazi, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Ikifika Jumapili, badala ya kukaa karibu na moto kama watu wenye akili zao, anavaa gambuti na koti la marehemu baba yake, anakwenda kutazama ndege wengine. Ukimuuliza kama hao batamzinga hawamtoshi, anakujibu kwamba batamzinga hajawahi kumshangaza.

Alikuwa dada wa mume wangu Clem. Hakuolewa, na si kwamba hakutakiwa. Alitakiwa na mwezekaji nyumba mmoja, mwanamume mzuri tu na mikono yake ya kazi, ila yule bwana alisema Jumapili mchana atapenda chakula kiwe mezani. Basi ikaishia hapo hapo.

Matembezi ya ndege aliyaanzisha yeye na kasisi wetu wa zamani, vita vilipokwisha. Tulikuwa tunatoka kila Jumapili, kuanzia majani yanapokwisha mitini mpaka vyura wanapoanza kutaga. Asubuhi tunaanzia nyikani, kwenye vichaka vya miiba, ardhi imeganda inalia chini ya viatu. Mchana tunashuka kinamasini, tunapita juu ya tuta katikati ya matete, tunakula mkate wa jibini na achari tukiwa tumesimama, maana ukikaa unaganda. Jioni tunamalizia ufukoni, tumejipanga nyuma ya ukingo wa changarawe, tukiwangoja bata bukini warudi kulala. Siku hizo hakuna aliyekuwa na koti lisilopitisha maji. Ulikuwa unalowa, unarudi nyumbani, unajianika mbele ya moto pamoja na soksi zako.

Kasisi alipofariki, Hettie akawa ndiye anayetangulia. Kwetu anayetangulia ni yeye, na hakuna wa kumpita mbele. Akisimama, mnasimama. Akiinama, mnainama hata kama kiuno kinauma. Na kulikuwa na sheria ya kasisi, kwamba ndege aliyeonwa na mtu mmoja hahesabiwi. Lazima wamwone wawili. Kasisi alisema hata yeye, pamoja na kola yake, asiaminiwe peke yake.

Sasa mwaka mmoja, theluji ilikuwa nyingi, Hettie alitusimamisha kinamasini akanyanyua mkono. Akatunong'oneza kwamba kule mbele, juu ya lango, ameketi bundi mweupe wa kaskazini, yule anayekuja huku mara moja katika maisha ya mtu. Tukalala kifudifudi. Mama Aldous alikuwa na koti jipya, naye akalala. Tulitambaa uwanja mzima wa Borrett kwenye tope na barafu, pua zetu chini, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Tulipofika karibu, Leonard Thurlow, fundi baiskeli, akainua kichwa, halafu akaanza kumsoma yule bundi kwa sauti. Kifuani alikuwa ameandikwa kwamba ni mbolea, na kwamba ahifadhiwe mahali pakavu.

Ulikuwa mfuko uliopeperushwa na upepo ukanasa langoni. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na Hettie alicheka kutushinda. Mama Aldous peke yake ndiye aliyekawia kucheka.

Lakini kicheko kilipokwisha watu walianza kumwangalia Hettie. Mimi nilikuwa nimeanza zamani. Nilikuwa nimemwona akiupungia mkono mlingoti wa lango na kuuuliza hali ya mkewe. Ndege akipita mbali alikuwa hamtaji tena, anasubiri mwingine amtaje, halafu anasema, "Eeh, ndiye huyo," kama mtu aliyekuwa anajua. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na yeye alikuwa anajua, na hakutaka mtu amwambie.

Majira ya baridi yaliyofuata, tulipokutana ukumbi wa kanisa kupanga matembezi, Leonard alisimama akasema anayetangulia inafaa awe mtu anayeona. Aliyasema hayo akiitazama kofia yake mkononi, maana hakuwa mtu mbaya. Hettie alimjibu kwamba baiskeli alizomtengenezea ndizo zilizomtikisa macho. Watu wakacheka, ila hakuna aliyemtetea. Ikakubaliwa atangulie mpaka Jumapili ya kabla ya Krismasi, halafu tutaangalia. Kila mtu alijua maana ya tutaangalia.

Wiki ya mwisho kabla ya Jumapili hiyo, Hettie aliingia jikoni kwangu bila kubisha, mashavu mekundu, manyoya ya batamzinga bado yamemganda kwenye nywele. Alikuwa amepita nyikani peke yake kabla ya kazi, na ameona ndege wa miibani.

Huyu ndege hawi zaidi ya mmoja katika nyika nzima, na miaka mingine haji kabisa. Anavuka bahari kutoka kaskazini baridi ikianza. Ni wa kijivu kama jivu la kuni, na ana mstari mweusi machoni kama mwizi aliyejifunika. Umbo lake dogo, lakini anaua panya na ndege wenzake, halafu anawatundika kwenye miiba kama nyama ya buchani. Kwetu hakuwa ameonekana tangu Clem akiwa hai.

Hettie alisema alitua kwenye kichaka mbele yake, karibu kama lilivyo jiko langu, hata yeye akamwona vizuri. Nilimwamini. Uso wake ulikuwa uso wa mtu wa miaka thelathini. Halafu akakaa, akanishika mkono, nikajua anataka kitu.

"Waambie ulikuwa na mimi, wifi."

"Sikuwa na wewe. Nilikuwa nafua."

"Nani ataziuliza nguo zako?"

"Nikisema nimemwona, niwe nimemwona."

"Basi huniamini. Unaona ni mfuko mwingine."

"Nakuamini wewe. Ila macho yangu siyaazimishi kwa kitu ambacho hayakuona."

Alisimama akaondoka, na chai niliyommiminia akaiacha kwenye kikombe hajaigusa. Kwetu hilo ni tusi, na yeye na mimi tuliishi majirani maisha yetu yote hajawahi kulifanya. Nilikaa nikaitazama ile chai mpaka ikapoa. Sikuona kosa langu, na mpaka leo silioni. Lakini alfajiri nilivaa gambuti nikaenda kugonga mlango wake, nikamwambia kama ana ndege, anionyeshe.

Tulitoka asubuhi baada ya asubuhi kabla hajakwenda bandani. Tulikuwa hatuzungumzi sana. Upepo ulikuwa unatoka baharini, unapita nyikani kama umetumwa. Tuliona kunguru, tukaona sungura, tukamwona mkulima Borrett akikojoa akidhani yuko peke yake. Ndege hakuna. Siku moja Hettie akapiga magoti kwenye kichaka, akaingiza mkono ndani ya miiba mpaka kwenye bega, akaanza kupapasa. Vidole vyake vilikuwa vimezoea vitu vyenye manyoya. Akaniita taratibu. Kulikuwa na panya mdogo amechomekwa kwenye mwiba shingoni, na pembeni yake chiriku asiye na kichwa, bado laini.

"Bucha yake," akasema. "Sasa hiyo je, umeiona au hukuiona?"

"Hiyo nimeiona."

"Basi kawaambie hiyo."

Niliwaambia. Nilisimama ukumbini nikasema nimeona panya, nimeona chiriku, wametundikwa, na ndege mwenyewe sijamwona. Nilisema hivyo tu, sikuongeza wala sikupunguza. Leonard alijikuna shingo akasema panya aliyekufa si ndege, na sheria ni sheria. Lakini nilimwona anavyomeza mate. Yeye naye alikuwa anamtaka yule ndege.

Jumapili walikuja wote, hata wenye vifua vibovu. Ukungu ulikuwa mzito, ulikuwa huoni mgongo wa aliye mbele yako. Hettie alitutangulia mpaka kwenye kile kichaka bila kukosea njia, akatupanga upande wa chini wa upepo, tukangoja. Miguu ilikufa ganzi. Mtu akaanza kunong'ona kuhusu supu. Mama Aldous aliuliza kama safari hii atalazimika kulala chini, maana amevaa koti la zamani kwa ajili hiyo.

Halafu upepo ukafunua ukungu kidogo kidogo, kama mtu anayevuta pazia, na nyika ikatokea. Mbali, upande wa kushoto, kuna mti mkavu unaosimama peke yake. Kileleni palikuwa na kitu cha kijivu.

Leonard ndiye aliyemwona kwanza. Aliitoa darubini machoni, akaifuta, akatazama tena. "Hettie," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndiye."

Darubini zote zikainuka. Mimi nilimwona, na mstari wake wa mwizi nikauona. Nilijikuta nimeziba mdomo kwa glavu. Nikageuka nimtazame wifi yangu.

Alikuwa ameinua darubini yake kama wengine, amesimama wima, anatabasamu. Alikuwa ameielekeza kwenye msonobari ulioko kulia.

Nilisogea mpaka bega langu likagusa lake. Naye bila kuishusha darubini akaniuliza kwa sauti ndogo, asisikie mwingine.

"Anafanya nini sasa?"

"Anatikisa mkia. Juu chini, juu chini."

"Eeh. Hufanya hivyo."

"Ameinama. Anaangalia chini. Amejiachia, ameshuka kwenye majani."

"Amepata?"

"Subiri. Amepata. Anarudi nacho juu."

"Mzuri," akasema Hettie, akashusha darubini, akapangusa macho, na baridi ile ilikuwa inamtoa kila mtu machozi.

Leonard alimjia na kofia mkononi. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye alikosea, na kwamba Hettie atangulie mpaka atakapochoka mwenyewe. Wote wakaitikia, Mama Aldous kwa sauti kuliko wote. Niliona wifi yangu anavyowaacha waseme. Aliwaacha kabisa, hakumkatiza hata mmoja.

"Hapana, Len," alisema walipomaliza. "Nilikuwa nataka mniombe nibaki. Mmeniomba. Sasa naweza kutoka. Tangulia wewe, na usitembee kama ng'ombe aliyeona lango wazi."

Tukashuka kinamasini, Leonard mbele, ameinamisha kichwa, anatembea kwa tahadhari kama yuko kanisani. Hettie alinishika mkono, akawa nyuma na mimi. Nilidhani atalia. Alikula mikate yangu miwili, na achari akasema imezidi siki.

Alikuja majira mengi ya baridi baada ya hapo, na daima tulikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mimi namwambia kinachopita, yeye anabishana nami. Nikisema kipanga, anauliza mabawa kayashikaje. Nikimwambia, anasema basi mimi ndiye ninayehitaji miwani. Nakumbuka jioni moja ufukoni, jua limeshazama, bata bukini wanaingia kundi baada ya kundi kutoka mashambani, kelele zao zimejaa angani, na ndege sululu analia chini kwenye matope. Akaniuliza ni wangapi. Nikamwambia ni wengi, labda elfu.

"Wewe hesabu ulifundishwa na nani?"

"Na shule ile ile iliyokufundisha wewe."

"Ndiyo maana," akasema. "Hesabu tena, na polepole. Sina haraka."

Nikahesabu tena.