Macho Mawili Barabara ya Lupiro

Usiku ule nilikuwa natoka Lupiro kurudi Ifakara peke yangu, vioo nimeshusha, naimba kwa sauti, harufu ya mpunga imejaa garini. Raha tupu. Mara kwa mbali nikaona macho mawili ya njano yakipanda na kushuka. Chui! Nikapandisha vioo, nikazima taa na injini, kana kwamba chui hula magari.

Akatokea mzee kwenye baiskeli. Kumbe yale macho yalikuwa pedali zake, ziking'aa kwa mwanga wa taa zangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Gari limezimika?”

Ningesemaje, mwanaume mzima? “Limezimika, mzee.”

Akalaza baiskeli matopeni, akasukuma huku akihema. Nilipoachia klachi injini ikawaka, nikamsikia nyuma yangu akimshukuru Mungu.