Alama za Vidole Kwenye Hita

Nakumbuka asubuhi moja ya masika huko Kinole, mwanangu, ujana ukiwa ndio unaniaga, hita ya kukaushia pilipili manga ilipopasuka. Kikundi chetu cha wakulima kilikuwa kimeachana na kuanika kwenye mikeka na kununua mashine ndogo yenye hita za miale. Ni vijiti vya kioo, vifupi tu, havihangaiki kupasha hewa. Joto lake linakwenda moja kwa moja kwenye kitu kilicho mbele yake. Kimoja kikifa, trei zinabaki mbichi, na pilipili mbichi wakati wa mvua haingoji mtu, inaota ukungu.

Vijana tukawaka. Tukasema Shomari, muuzaji wa hita wa Msamvu, kule mjini, katuuzia feki, na maneno hayo yalishafika mjini kabla yeye hajapanda kuja kutusikiliza. Duka lake lilikuwa changa. Sifa kama hiyo ingelifunga. Nyani haoni kundule, na asubuhi ile nyani tulikuwa wengi.

Shomari alifika amelowa, akawaamkia wakubwa wote, akakishika kijiti kwa kitambaa na kukigeuza penye mwanga. Kioo kilikuwa na madoa meupe, na ufa umepita hapo hapo.

"Hiki kimeshikwa na mkono mtupu," alisema. "Niliwaambia kitambaa safi. Mafuta ya mkono yakiungulia juu ya kioo, yanakila."

"Unatusingizia!" tukamjibu, na mmoja wetu akamkunja shati.

Hapo akasimama Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, mwenyekiti wa kikundi, ambaye hata wajomba walimsikiliza. Kijiti kile alikipachika yeye, peke yake, fundi alipochelewa. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza tu, mzigo wote ungekuwa wa Shomari.

"Mwacheni mtoto wa watu," alisema. "Nilikipachika mimi. Nilikuwa nimetoka kumenya fenesi."

Tukaelewa sote. Huku kwetu humenyi fenesi bila kupaka mikono mafuta, la sivyo utomvu unakugandia siku nzima. Na mafuta yale hayaishi kwa kujifuta kwenye kanga.

"Shomari, mwanangu, unisamehe," akaendelea. "Na nyie, huko mjini mlikopeleka uongo, kapelekeni na ukweli. Leo leo."

Tukashuka mjini na mvua ile ile. Pilipili nyingi iliharibika, hilo sikufichi. Duka la Shomari lipo mpaka leo.

Basi mwanangu, unapohamia kazi mpya, osha kwanza mkono uliotoka kwenye kazi ya zamani. Na ukikosea pasipo shahidi, sema mwenyewe, mapema, usingoje mwingine aadhirike kwa niaba yako. Ukubwa wako haupungui kwa neno hilo. Mimi nilimheshimu Mama Mkubwa zaidi tangu siku ile. Mungu akujalie mikono yenye baraka, na ulimi usioona tabu kusema, "Ni mimi."